Mafuta ya mwili na kisukari: Kiuno husema zaidi ya mizani

WATU wawili wenye uzito na urefu sawa wanaweza kuingia katika zahanati moja, wakapanda mizani moja na kusomewa namba moja, kisha wakatoka wakiwa na hatari tofauti za kupata kisukari. Ikiwa mmoja ni mwanamume na mwingine ni mwanamke, mizani haitaonyesha tofauti hiyo. Kifaa kitakachoikaribia ni futikamba ya fundi cherehani, ikizungushwa kiunoni.

Utafiti wa zaidi ya miaka 70 umebainisha jambo linaloonekana kama kinyume cha mambo. Mwanamke kwa kawaida hubeba mafuta mengi zaidi mwilini kuliko mwanamume. Hata hivyo, mwanamume ndiye anayepata kisukari cha aina ya pili akiwa na unene mdogo zaidi, na mara nyingi akiwa na umri mdogo zaidi.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kinachowapata wagonjwa wengi zaidi. Katika aina hii, mwili huendelea kutengeneza insulini, lakini misuli, ini na seli za mafuta huacha kuitii ipasavyo. Kongosho hujitahidi kuongeza insulini hadi linapozidiwa, na sukari hubaki katika damu.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wazima milioni 537 wenye umri wa miaka 20 hadi 79 walikuwa wakiishi na kisukari duniani, na kwamba wanaume waliwazidi wanawake kwa takriban milioni 17.7. Kwa mwaka 2024, shirikisho hilo lilikadiria wagonjwa kufikia milioni 589.

Fumbo la Ilala

Mfano ulio wazi wa jambo hili umetoka Tanzania kwenyewe. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha wakazi wa Ilala jijini Dar es Salaam na wakazi wa Shari, eneo la vijijini mkoani Kilimanjaro.

Shari, kisukari kilikutwa kwa asilimia 1.7 ya wanaume na asilimia 1.1 ya wanawake. Ilala, kilikutwa kwa asilimia 5.9 ya wanaume na asilimia 5.7 ya wanawake. Maisha ya mjini yalikuwa yameongeza ugonjwa mara kadhaa kwa jinsia zote mbili.

Tofauti ya mji na kijiji haikuwashangaza wataalamu. Mwaka 1989, utafiti mwingine uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania ulikuwa umeonyesha kuwa waliokuwa na kisukari hawakufika hata asilimia moja. Kazi za kukaa, usafiri wa magari na vyakula vya mafuta na sukari vilitajwa mapema kuwa miongoni mwa vichocheo vya ugonjwa mjini.

Fumbo liko mahali pengine. Wanawake wa mjini ndio waliokuwa wanene zaidi, tena kwa kiasi kikubwa, lakini kiwango chao cha kisukari hakikuwazidi wanaume. Kama wingi wa mafuta peke yake ndio ungekuwa unaleta ugonjwa, wanawake wa Ilala wangepaswa kuugua zaidi sana kuliko waume na kaka zao.

Pengo hilo la unene kati ya jinsia limeendelea kuonekana katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume. Tanzania, tafiti za idadi ya watu na afya zilionyesha wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi wakipanda kutoka asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015/16.

Katika tafiti hizo, uzito hupimwa kwa BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Kipimo hicho ni chepesi na cha manufaa, lakini kina upofu wa aina mbili: hakitofautishi msuli na mafuta, wala hakionyeshi mafuta yamekaa wapi.

Daktari wa Marseille

Aliyelianzisha swali hilo kwa namna ya kisayansi ni daktari wa Kifaransa, Jean Vague, aliyefanya kazi katika mji wa Marseille. Mwaka 1947 alichapisha makala akieleza kuwa kuna unene wa namna mbili. Upo unaojikusanya sehemu za juu za mwili na tumboni, ambao aliuita wa kiume, na upo unaokaa kwenye nyonga, makalio na mapaja, ambao aliuita wa kike.

Vague alibaini kuwa wagonjwa wake wenye kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu walikuwa zaidi na unene wa namna ya kwanza, na kwamba hata mwanamke akipata umbo hilo huingia katika hatari ileile. Hoja yake haikupewa uzito mkubwa wakati huo. Wataalamu wengi waliendelea kuhesabu kilo tu.

Iliwachukua watafiti karibu miaka 40 kulirudia suala hilo kwa takwimu kubwa. Katika mji wa Gothenburg nchini Sweden, wanaume 792 waliozaliwa mwaka 1913 walipimwa kiuno na nyonga walipokuwa na umri wa miaka 54, kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 13. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kuwa wenye kiuno kikubwa kikilinganishwa na nyonga ndio waliopata kisukari zaidi, hata pale tofauti za uzito zilipozingatiwa.

Tangu hapo, swali lililoulizwa katika maabara nyingi halikuwa tena mtu ana mafuta kiasi gani. Lilikuwa mafuta hayo yako wapi.

Ghala salama na ghala la hatari

Mwili wa binadamu huhifadhi mafuta katika sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni chini ya ngozi, kama yale yanayoweza kushikwa kwa vidole kwenye paja au ubavuni. Ya pili ni ndani ya tumbo, yakizunguka utumbo na viungo vingine. Haya ya ndani hayashikiki kwa mkono, lakini ndiyo yanayosukuma tumbo mbele na kulifanya liwe gumu.

Mwanamke na mwanamume wa rika moja wakiwa na BMI sawa, mwanamke huwa na mafuta mengi zaidi kwa kiasi kinachokaribia asilimia 10 ya uzito wa mwili. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake hukaa chini ya ngozi, hasa kwenye nyonga na mapaja. Kwa wanaume, mafuta ya ndani ya tumbo huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya mafuta yote ya mwili, na kwa wanawake huwa kati ya asilimia 5 na 8.

Mafuta ya mapajani ni kama ghala lililojengwa kwa akiba ya muda mrefu. Hupokea mafuta yatokayo kwenye chakula, huyafungia, na huyaachia polepole. Inaaminika kuwa maumbile yaliyaweka hapo kwa ajili ya mahitaji ya ujauzito na kunyonyesha. Yakiwa yamefungiwa humo, mafuta hayaranderandi katika damu.

Mafuta ya ndani ya tumbo yana tabia nyingine. Huyeyuka na kurudi katika damu kwa urahisi zaidi, na damu itokayo huko hupita katika mshipa unaoelekea moja kwa moja kwenye ini. Aidha, seli zake hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani na kudhoofisha kazi ya insulini.

Ini likishajaa mafuta, huacha kuitii insulini na kuendelea kutengeneza sukari hata usiku mtu akiwa amelala na hajala kitu. Mafuta yakizidi kulielemea ini, mengine hufika kwenye kongosho na kulipunguzia uwezo wa kutoa insulini. Mzunguko huo umefafanuliwa na profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, anayeeleza pia kuwa kila mtu ana kiwango chake binafsi cha mafuta anachoweza kukihifadhi kwa usalama kabla hayajaanza kumwagikia mahali pasipostahili.

Kwa maelezo hayo, mwanamke huwa na ghala kubwa zaidi lililo salama. Ghala la mwanamume hujaa mapema, na ziada huanza kuingia ndani ya tumbo na kwenye ini akiwa bado hajaonekana mnene.

Ushahidi wa mafuta yaliyoondolewa

Wapo waliojiuliza kama kuondoa mafuta kwa upasuaji kungeondoa pia hatari ya kisukari. Jibu lilipatikana St. Louis, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004.

Wanawake 15 wenye unene uliokithiri, saba kati yao wakiwa na kisukari, walifyonzwa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Kila mmoja alipungua takriban kilo 10 za mafuta kwa wastani. Walipopimwa wiki kadhaa baadaye, utendaji wa insulini katika miili yao haukuwa umebadilika kwa kiasi cha kuonekana. Madaktari walikuwa wamepunguza mafuta ya ghala la nje. Yale ya ndani ya tumbo na ya kwenye ini yalibaki palepale.

Ushahidi wa upande wa pili umetoka kwa watu waliokosa mafuta ya chini ya ngozi. Wapo wanaozaliwa na hitilafu adimu za vinasaba zinazoufanya mwili ushindwe kuhifadhi mafuta mikononi na miguuni. Huonekana wembamba wenye misuli, lakini wengi wao hupata kisukari kikali na ini lenye mafuta, kwa sababu kila tone la ziada halina pa kwenda.

Afrika Mashariki iliona jambo linalofanana na hilo miongoni mwa watumiaji wa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Dawa iitwayo stavudine iliwafanya baadhi ya wagonjwa wapoteze mafuta ya mashavu, mikono na miguu, na ikahusishwa na kuvurugika kwa sukari na mafuta katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2009 kuwa nchi zianze kuiondoa katika matumizi.

Takwimu za Uskoti

Pengo la jinsia lilipimwa kwa idadi kubwa nchini Uskoti, ambako kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari huhifadhiwa kitaifa. Watafiti wa Glasgow walichambua taarifa za watu zaidi ya 95,000 na kuangalia BMI ya kila mmoja karibu na siku alipogundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wanaume waligundulika wakiwa na BMI ya wastani wa 31.8, na wanawake 33.7. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.65, tofauti hiyo ni sawa na kilo tano hivi. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa waliogundulika wakiwa na umri mdogo, na lilipungua kadiri umri ulivyosogea.

Kupungua huko kwa pengo kunaelekeza kwenye sababu iliyo nyuma ya tofauti yenyewe, yaani homoni.

Kazi ya homoni

Homoni ya estrojeni, inayotengenezwa kwa wingi na ovari za mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, huelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja. Pia huisaidia misuli na ini kuitii insulini. Ndiyo maana wavulana na wasichana, ambao utotoni hawatofautiani sana kwa umbo, huanza kuachana wanapobalehe.

Testosteroni, homoni inayojulikana zaidi kuwa ya kiume, haina athari moja kwa jinsia zote. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 425,000 nchini Uingereza. Ilionekana kuwa kwa wanawake, kurithi kiwango kikubwa cha testosteroni huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 37. Kwa wanaume, kurithi kiwango kikubwa cha homoni hiyohiyo hupunguza hatari kwa asilimia 14.

Hii ni sababu mojawapo inayowafanya wanawake wenye vifuko vingi kwenye ovari, ambao hedhi zao huwa za kuruka na wengine huota ndevu, wawekwe katika kundi la wanaopaswa kupimwa sukari mapema. Kwa upande wa wanaume, kitambi chenyewe hushusha testosteroni, na kushuka huko hurahisisha kitambi kuongezeka.

Kinga isiyodumu

Nafuu ya mwanamke ina mwisho wake. Hedhi inapokoma, mara nyingi karibu na umri wa miaka 50, estrojeni hushuka na mafuta mapya huanza kujikusanya tumboni. Mwanamke anaweza kubaki na uzito uleule na gauni likambana kiunoni. Kuanzia hapo hatari yake hukaribia ile ya mwanamume.

Ujauzito nao hutoa onyo la mapema. Mwanamke aliyepata kisukari wakati wa ujauzito kwa kawaida hurudi katika hali ya kawaida baada ya kujifungua, na wengi huona suala hilo limekwisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hatari yake ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni mara saba ya mwanamke mwingine, na uchambuzi wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa hukaribia mara 10. Anashauriwa kupima sukari wiki chache baada ya kujifungua, kisha kurudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Lipo pia suala la namna ya kupima. Wanaume walio njiani kuelekea kwenye kisukari mara nyingi huonyesha sukari iliyopanda asubuhi kabla ya kula. Kwa wanawake wengi, sukari ya asubuhi huwa ya kawaida, na tatizo huonekana saa mbili baada ya kunywa glukosi. Mwanamke mwenye dalili au historia ya kisukari cha ujauzito anayepimwa asubuhi tu anaweza kuambiwa yuko salama ilhali sivyo.

Kinga hiyo inapovunjika, gharama huwa kubwa. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumuisha tafiti 64 na watu zaidi ya 850,000 ulionyesha kuwa kisukari humwongezea mwanamke hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kinachozidi cha mwanamume kwa asilimia 44. Miongoni mwa maelezo yanayotolewa ni kwamba mwanamke huwa amenenepa zaidi na kukaa muda mrefu zaidi na shinikizo la damu na mafuta mabaya kabla ugonjwa wake haujatambuliwa.

Sentimita ngapi?

Swali linalofuata ni kiuno kinapaswa kuishia wapi. Hapa ndipo msomaji wa Afrika anapokuwa na sababu ya kuwa makini, kwa sababu namba zilizozoeleka hazikupatikana kwa kuwapima Waafrika.

IDF katika mwongozo wake wa mwaka 2006 iliweka kikomo cha sentimita 94 kwa wanaume wenye asili ya Ulaya na sentimita 80 kwa wanawake. Kwa wakazi wa Afrika kusini mwa Sahara, mwongozo ulielekeza vitumike viwango hivyohivyo vya Ulaya hadi takwimu zao wenyewe zitakapopatikana.

Takwimu hizo zimeanza kupatikana, na hazikubaliani na viwango vilivyoazimwa. Mwaka 2012, watafiti wa Afrika Kusini waliowapima wanawake wa Soweto walisema kuwa kikomo kinachowafaa ni sentimita 91.5, yaani juu zaidi ya kile cha Ulaya. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2017, uliounganisha tafiti 17 na watu 24,181 wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ulipata kikomo cha sentimita 81.0 kwa wanawake na 81.2 kwa wanaume.

Namba ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa wanaume. Sentimita 94 ni inchi 37. Sentimita 81 ni inchi 32. Ikiwa uchambuzi huo uko sahihi, basi mwanamume wa Kiafrika mwenye kiuno cha inchi 34 au 35, ambaye kwa mwongozo wa zamani angeambiwa hana tatizo, tayari yuko katika eneo linalohitaji kupimwa sukari.

Kwa kuwa mjadala wa sentimita haujafikia tamati, wataalamu wengi wanapendekeza kanuni nyepesi isiyotegemea jinsia wala asili: kiuno kisifikie nusu ya urefu. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliipendekeza kanuni hiyo mwaka 2022. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 anapaswa kuwa na kiuno kisichofika sentimita 85.

Kipimo hufanywa mtu akiwa amesimama wima, tumbo likiwa wazi au na nguo nyepesi. Futikamba huwekwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, kisha husomwa mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida, bila kulivuta tumbo ndani. Ukubwa wa suruali hautoshi, kwani mwenye kitambi huifunga chini ya tumbo na anaweza kuvaa namba ileile kwa miaka 10 huku tumbo likikua juu ya mkanda.

Wembamba nao wapo

Kiuno, hata hivyo, hakielezi kila kitu. Watafiti wa Cape Town wamebaini kuwa wanawake weusi wa Afrika Kusini huwa na mafuta machache zaidi ndani ya tumbo kuliko wanawake weupe wenye unene sawa nao, lakini miili yao huitii insulini kwa kiwango kidogo zaidi.

Nchini Uganda, utafiti wa mwaka 2022 uliowahusu watu wazima waliogundulika karibuni kuwa na kisukari ulikuta karibu theluthi moja yao wakiwa na BMI iliyo chini ya 25. Wengi wa hao wembamba walikuwa wanaume, na tatizo lao kubwa lilikuwa kongosho kutotoa insulini ya kutosha. Kwa hiyo mtu mwenye kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu au vidonda visivyopona hapaswi kungoja kiuno kiongezeke ndipo apime.

Ugonjwa huthibitishwa kwa damu. Kiwango cha sukari cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au milimoli 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa glukosi, huhesabiwa kuwa kisukari. Kwa asiye na dalili, kipimo hurudiwa ili kuhakikisha.

Aidha, mafuta ya nyonga kutokuwa na madhara makubwa kwa sukari si ruhusa ya kunenepa. Unene uliokithiri huleta shinikizo la damu, maumivu ya magoti na, kwa wanawake waliokoma hedhi, huongeza hatari ya saratani ya matiti.

Mafuta yanayoondoka kwanza

Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo, ambayo huingia kwa haraka, pia hutoka kwa urahisi kuliko yale ya mapajani. Mtu anapopunguza chakula na kuanza kutembea, ini na tumbo la ndani hunufaika mapema, wakati mwingine kabla watu hawajaona kuwa amepungua.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Faida hiyo ilionekana kwa wanaume na wanawake.

Kwa waliokwisha kuugua, utafiti uliofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 46 ya waliopewa mpango maalumu wa kupunguza uzito waliondokana na kiwango cha sukari cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, idadi ilifika asilimia 86. Wote walikuwa wameugua kwa muda usiozidi miaka sita, na walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Katika maisha ya mjini, dakika 150 kwa wiki ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano, umbali ambao abiria wengi wa daladala wangeumaliza kwa kushuka vituo viwili kabla ya kile cha nyumbani. Soda, chai ya sukari nyingi, maandazi, chipsi na bia za kila jioni ndivyo vinavyotajwa mara nyingi kuwa vya kuanza kupunguzwa.

Kwa miaka mingi kitambi cha mwanamume kimepokewa kama dalili ya kufanikiwa, na mwanamke mnene ndiye aliyeonywa na kila mtu. Takwimu zinaonyesha kuwa onyo hilo limekuwa likimpita aliyelihitaji mapema zaidi. Mwanamke anayo sababu ya kuangalia kiuno chake kuanzia ujauzito wa kwanza na tena hedhi inapokaribia kukoma. Mwanamume anayo sababu ya kuangalia cha kwake siku mkanda unapohitaji tundu jipya.